Ipime Ingali na Joto

Manseba, dereva wa pikipiki ya abiria wa hapa Lubumbashi, anayeacha injini ikinguruma mbele ya soko la mtaa wa Kenya huku akisubiri abiria anaogopa kuizima. Tangu alfajiri amekwisha kupeleka watu Katuba, Kamalondo na Ruashi. Injini imeshika joto, naye anajua kwamba akigeuza ufunguo sasa, pikipiki haitawaka tena mpaka ipoe. Kupoa ni nusu saa, na ndani ya nusu saa hiyo wenzake watakuwa wamechukua abiria wote. Basi anaiacha. Esansi, yaani petroli, inaungua bila kwenda popote, injini isiyopata upepo inazidi kuchemka, na mama anayeuza mboga za lengalenga nyuma ya bomba la moshi anavuta hewa ile mchana kutwa. Jioni mwenye pikipiki anataka hesabu yake kamili.

Mimi ni fundi wa pikipiki hapa Lubumbashi. Benchi langu liko Katuba, chini ya mwembe, kando ya barabara ya vumbi. Pikipiki zina magonjwa mengi, lakini hili la kukataa kuwaka zikiwa na joto ndilo limeharibu jina la mafundi wa mji huu kuliko mengine yote. Nalisema kwa uchungu, kwa sababu ni ugonjwa unaotibika, na mara nyingi dawa yake ni rahisi kuliko vipuri ambavyo mteja amekwisha kununua kabla ya kufika kwangu.

Jinsi linavyotuaibisha ni hivi. Mteja analeta pikipiki asubuhi, imelala usiku kucha, imepoa hadi ndani. Fundi anapiga kiki mara moja, inawaka. Haoni ugonjwa wowote, lakini mteja amesimama pale na anataka kitu kifanyike, kwa hiyo fundi anabadilisha bujii, ile ambayo wenzetu wa nchi za Tanzania na Kenya huiita plagi. Mteja analipa, anaenda. Saa sita mchana anarudi akiisukuma. Kufika benchini kwa kusukumwa imekwisha kupoa, inawaka tena. Sasa inabadilishwa bobini, ile koili ya kutoa cheche. Kesho kabureta. Kila kipande kinachotolewa kilikuwa kizima, na fedha iliyokwisha kutumika ni ya chakula cha nyumba nzima.

Ugonjwa huu unaishi ndani ya joto. Anayeutafuta pikipiki ikiwa baridi anautafuta mahali usipokuwapo.

Aliyenifundisha kazi alikuwa makanika wa Gécamines, kampuni iliyorithi migodi ya Union Minière baada ya serikali kuitaifisha mwaka 1967. Alikuwa mmoja wa wafanyakazi zaidi ya 10,000 walioondoka katika mpango wa kuondoka kwa hiari ulioanza mwaka 2003. Wengine waliweka fedha zao katika mashamba, wengine katika mabasi madogo. Yeye alinunua sanduku la vifaa na kipimo cha umeme, akaweka benchi mbele ya nyumba yake. Alituambia kwamba kule kwenye kampuni hakuna aliyekuruhusu kufungua mashine kabla hujaandika ilikuwa ikifanya nini wakati ilipokufa. Desturi hiyo aliileta kwenye pikipiki ndogo za mitaani, na sisi vijana tulimwona mzee anayechelewesha kazi. Mteja akija, mzee alikaa naye kwenye kigoda na kumwuliza maswali kabla ya kugusa bisibisi. Leo nafanya vilevile, na wanafunzi wangu wananiona mimi ndiye ninayechelewesha.

Vijana hufika na sentensi moja: «Papa fundi, kama iko baridi inawaka. Kama inapata joto, njo inakatala.» Naipenda sentensi hiyo, kwa sababu nusu ya jibu imo ndani yake. Nusu nyingine inatoka kwenye maswali. Inakataa papo hapo unapoizima, au inakataa baada ya kukaa kidogo? Inazimika yenyewe njiani? Ukisukuma, inashika? Inapokataa, kiki iko nzito mguuni kama kawaida au imekuwa nyepesi? Umewahi kufungua kifuniko cha tangi ikawaka? Manseba anayeishi juu ya pikipiki yake saa kumi na mbili kwa siku anayajua majibu haya yote. Hakuna aliyewahi kumwuliza, basi.

Halafu naipanda mwenyewe, au nakaa nyuma yake, tunakwenda mpaka joto lipande kweli. Kuiacha ikinguruma benchini hakutoshi, kwa sababu joto la kubeba watu wawili kwenye mwinuko si joto la kusimama. Tunakamata barabara ya Kipushi, tunageuza, tunarudi, tunazima mbele ya benchi. Vifaa vimekwisha kupangwa juu ya kitambaa kabla hatujaondoka, maana tangu hapo tuna dakika chache tu.

Cha kwanza ni cheche. Hapa mafundi wengi wanaharibu injini kwa haraka. Wanang'oa bujii wakati kichwa cha injini kina joto kali, nacho ni cha alumini. Nyuzi za shimo zinalika, na siku nyingine bujii inatoka na alumini yake. Mimi ninayo bujii ya akiba ninayojua kuwa ni nzima. Ile iliyo kwenye injini naiacha mahali pake. Nachomoa kofia ya waya, navalisha bujii ya akiba, naigandamiza vizuri kwenye chuma cha injini, mwanafunzi anapiga kiki nami nakinga mwanga kwa kofia yangu. Shimo la injini limebaki limefungwa, kwa hiyo hakuna mvuke wa esansi unaotoka karibu na cheche. Nikiona cheche ya buluu yenye nguvu, umeme umefika, natafuta kwingine. Nikiona cheche ya manjano iliyo dhaifu, au giza tupu, najua niko kwenye njia ya umeme.

Na kama ni njia ya umeme, mara nyingi ni bobini, au ile bobini ndogo ya kuhisi iliyo karibu na sumaku inayozunguka, ambayo kazi yake ni kuiambia boksi ya CDI wakati wa kutoa cheche. Zote mbili ni waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi sana na kupakwa rangi ya kuzuia umeme. Rangi ile ikichakaa, joto linaifanya iruhusu umeme kupita kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine. Au waya wenyewe umekatika mahali fulani: ukiwa baridi ncha mbili zinagusana, joto likipanda vitu vinatanuka na ncha zinaachana. Ukipima asubuhi, kipimo kinakwambia bobini ni nzima. Kimesema kweli, ya asubuhi.

Mtoto wa Lubumbashi hukua akiliona lile bomba refu la kiwanda cha shaba na kilima cheusi cha mabaki kando yake. Mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na shaba ya kwanza iliyeyushwa hapa mwaka 1911. Mimi huwaambia wanafunzi kwamba katika mji huu ni wajibu wetu kuijua tabia ya shaba. Tabia moja ni hii: ikipanda kutoka digrii 20 hadi digrii 100, ukinzani wake kwa umeme huongezeka kwa karibu asilimia 31. Fundi asiyejua hilo anapima bobini ya moto, anaona namba imepanda, anaitupa. Namba kupanda taratibu ni tabia ya chuma chenyewe. Ninachotafuta ni namba inayoruka ghafla, inayoshuka wakati ingepaswa kupanda, au kipimo kinachoonyesha kwamba njia imekatika kabisa.

Jinsi ya kupima: naifungua bobini, naunganisha nyaya za kipimo, naishika juu ya babula, jiko letu la mkaa, yenye makaa yaliyokwisha kushika vizuri, mbali kiasi kwamba mkono wangu ungeweza kuvumilia kwa muda. Bobini naigeuzageuza mpaka iwe na joto ambalo siwezi kuikamata kwa vidole vitupu, huku nasoma. Upande wa kuingilia una omu chache tu, wakati mwingine chini ya moja, na upande wa kutokea una maelfu. Ile ya kuhisi huwa na mia moja na kitu hadi mia chache. Namba kamili inategemea aina ya pikipiki, ndiyo maana ninalo daftari ambamo naandika vipimo vya kila bobini nzima inayopita mikononi mwangu, baridi na moto. Daftari hilo limenisaidia kuliko kifaa chochote nilichonunua.

Manseba aliye mbali na fundi anaweza kufanya jaribio lake mwenyewe bila kipimo. Pikipiki ikikataa, anunue maji baridi ya kifuko, alowanishe kitambaa, akifunge kwenye bobini peke yake, angoje kidogo, apige kiki. Ikiwaka, amepata jibu. Maji hayo yasiguse silinda wala kichwa cha injini, kwa sababu chuma cha moto kikimwagiwa maji kinaweza kupinda au kupasuka, na hapo hasara itakuwa nyingine kabisa.

Cheche ikiwa nzuri, naenda kwenye kiki. Nasukuma kiki kwa mkono taratibu na kuhisi pistoni inavyobana hewa. Injini yenye afya inanipinga, inanisukuma nyuma. Nikiona kiki inashuka kirahisi kana kwamba hakuna kitu ndani, na nakumbuka kwamba asubuhi ilikuwa nzito, basi natazama supapa.

Hapa nataka kukaa, kwa sababu hapa ndipo desturi yetu inapoua injini.

Supapa, au valvu kama wanavyosema pwani, ni mlango. Kati ya mkono unaoisukuma na mkia wake pana nafasi ndogo sana inayoachwa kwa makusudi. Kwa nyingi ya injini ndogo hizi za kupoozwa kwa hewa nafasi hiyo ni kati ya milimita 0.05 na 0.10 injini ikiwa baridi, na kitabu cha pikipiki yenyewe ndicho kinachosema kamili. Joto likipanda, vyuma vinarefuka na nafasi inabadilika. Ikiwa ni ndogo mno tangu baridi, joto linaimaliza. Supapa inabaki wazi kidogo, hewa inayobanwa inavuja, esansi haipati msukumo wa kuwaka. Injini ikiwa inakimbia inaweza kuvumilia, kwa sababu hewa haipati muda wa kuvuja yote. Kwa mguu mmoja wa kiki, inapata muda. Ndiyo maana pikipiki ya namna hii inakataa kiki lakini inashika ikisukumwa na vijana wawili kwenye mteremko. Bobini dhaifu nayo husaidika kwa kusukumwa, maana sumaku inazunguka kwa kasi zaidi, kwa hiyo kusukuma peke yake hakumalizi swali. Kiki iliyogeuka nyepesi ndiyo inayolimaliza.

Nafasi hii inapungua yenyewe kwa miaka. Supapa inagonga kiti chake makumi ya maelfu ya mara kila saa, inazama kidogo kidogo ndani ya kichwa cha injini, na mkia wake unapanda kuelekea mkono. Wengi wanadhani uchakavu huongeza kelele. Kwa supapa inayozama ni kinyume, injini inazidi kunyamaza. Lakini katika mji wetu injini iliyonyamaza ndiyo inayosifiwa. Anayenunua pikipiki iliyotumika hutega sikio, akisikia tiki-tiki juu ya injini anapunguza bei. Muuzaji analijua hilo, anampa fundi kazi ya kukaza supapa mpaka kelele iishe. Fundi anakubali. Pikipiki inauzwa ikiwa kimya, na mwezi haujaisha mnunuzi anaanza kuisukuma kila mchana. Nimewaomba wenzangu waikatae kazi hiyo, na wachache wananisikia. Nitaendelea kuwaomba.

Alikuja mama mmoja anayeuza samaki wa mikebuka sokoni Kenya. Pikipiki ni yake, inaendeshwa na mtoto wa dada yake. Alikuja yeye mwenyewe kwa sababu alikuwa amechoka kusikia habari za vipuri. Aliweka juu ya benchi langu mfuko wa plastiki wenye bujii, bobini, kabureta nzima na boksi ya CDI, vyote vimetolewa na mafundi waliotangulia. «Papa fundi,» alisema, «angalia bintu biko humu, uniambie kenye kilikuwa kibaya.» Nilivipima mbele yake, baridi na moto. Vyote vilikuwa vizima. Sikuwataja kwa ubaya mafundi wale, kwa sababu nawajua na ninajua wanavyokuwa wamesimama na mteja mwenye haraka. Lakini mama yule alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaurudisha mfuko kwenye kikapu chake.

Tuliipeleka njiani na kijana. Tuliporudi na kuzima, kiki ilishuka kama haina pistoni. Kijana mwenyewe alishangaa nilipomwambia aijaribu kwa mkono, kwa sababu siku zote alikuwa akiipiga kwa hasira na hakuwahi kuisikiliza. Tukaiacha ipoe kabisa, maana supapa hupimwa injini ikiwa baridi hata kama ugonjwa wake umegunduliwa kwenye joto. Niliweka alama ya T ya sumaku kwenye mstari wake, nikahakikisha pistoni iko juu kwenye mbano na supapa zote mbili zimefungwa. Bapa nyembamba kuliko zote ya kipimo changu haikuingia kwenye supapa ya kutolea moshi. Hapakuwa na nafasi hata kidogo, na injini ilikuwa baridi.

Nilirudisha nafasi kama kitabu kinavyosema. Hakuna kipuri kilichobadilishwa. Tulikwenda tena barabara ya Kipushi, tukarudi, tukazima, na kijana akaiwasha kwa kiki moja, akaizima, akaiwasha tena, akaizima, akaiwasha, mpaka mama akamwambia aache.

Kesho yake kijana alirudi na uso wa wasiwasi. «Yaya, sasa inapiga kelele.» Nikamweleza mbele ya wanafunzi kwamba tiki-tiki ile nyepesi ni nafasi inayofanya kazi, na kwamba siku atakapoisikia imepotea bila mtu kuigusa ndiyo siku ya kuja mbio.

Njia ya tatu ni esansi, nami nitaipitia kwa haraka zaidi, ingawa watu hapa huanza nayo. Wanailaumu esansi ya Kadafi, wale vijana wanaouza kwa bidoni kando ya barabara, kwa kila pikipiki inayokataa. Kuna inayochanganywa na mafuta ya taa, kuna yenye maji. Lakini esansi iliyopoteza nguvu yake au iliyotiwa mafuta ya taa ingekusumbua asubuhi zaidi kuliko mchana, kwa sababu ni baridi ndiyo inayohitaji sehemu zake nyepesi. Pikipiki inayowaka vizuri alfajiri ya Juni, wakati sisi wenyewe tunatetemeka, kisha inakataa saa saba mchana, ina shida nyingine.

Shida ya mchana ni esansi kuzidi, au kuchemka. Ukizima injini, upepo unakoma lakini joto lililo kwenye chuma halikomi. Linapanda polepole hadi kwenye kabureta. Sehemu nyepesi za esansi huanza kuchemka kwenye joto ambalo mkono unalivumilia bila shida, na mvuke unajaza njia ya kuingilia hewa. Pikipiki ya namna hii ina tabia yake: ukizima na kuwasha mara moja inakubali, ukikaa kunywa chai inakataa, ukikaa saa nzima inakubali tena. Septemba na Oktoba, kabla mvua haijashuka, ndiyo miezi ya malalamiko hayo.

Tuko karibu mita 1,200 juu ya bahari. Hewa yetu ni pungufu kuliko ya Matadi au Mombasa kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, na kabureta iliyopangwa kwa nchi ya chini inatoa hapa esansi nyingi kuliko hewa inayoipata. Ongeza filta iliyojaa vumbi jekundu la kiangazi, hewa inapungua zaidi. Ongeza startere, ile choki ya kuvuta asubuhi, ambayo kijana aliivuta alfajiri ya baridi na ikabaki nusu kwa sababu waya wake umeshika kutu. Kila kimoja peke yake kinavumilika. Vikiwa pamoja, injini ya moto inazama ndani ya esansi. Hapo usivute choki wala usipige kiki kwa mfululizo. Fungua gesi yote mpaka mwisho, piga kiki taratibu, uiache hewa isafishe, kisha uirudishe gesi inaposhika.

Kuna jaribio ninalolipenda, kwa sababu halina gharama hata ya faranga moja. Ndani ya kabureta kuna boya na sindano yake ndogo inayofunga esansi bakuli likijaa. Uchafu ukikaa pale, sindano haifungi vizuri. Ukiwa njiani huoni kitu, kwa sababu injini inanywa esansi ile. Ukisimama na robineti, ile koki ya kufungia esansi, iko wazi, esansi inaendelea kushuka na kufurika. Basi funga robineti mita mia mbili hivi kabla ya kufika unapokwenda, uzime kama kawaida, kaa, halafu ifungue uwashe. Ikiwaka vizuri kwa siku kadhaa za kufanya hivyo, mwambie fundi asafishe sindano na kiti chake kabla hajakuuzia kabureta.

Na kifuniko cha tangi, ambacho kinapuuzwa kila siku. Kina tundu dogo la kupitisha hewa. Vumbi na mvua vikiliziba, esansi inaposhuka hakuna hewa ya kuchukua nafasi yake, na mwisho inaacha kushuka. Pikipiki inazimika baada ya mwendo mrefu, kwenye njia ya Kasenga au ya Likasi, inakaa, inawaka, inazimika tena mbele. Mtu anasema ni joto, kumbe ni mwendo. Fungua kifuniko. Ukisikia hewa ikivutwa na pikipiki ikakubali, chukua sindano na esansi safi, usafishe tundu, uende zako. Huhitaji kunilipa.

Mtu anaweza kuona kwamba nalipa uzito mkubwa jambo la kiki. Asimame usiku kwenye barabara ya Kasumbalesa, mahali ambapo malori ya shaba yanapita moja nyuma ya jingine, aone pikipiki iliyozimika katikati ya njia na kijana anayepiga kiki huku abiria ameshika mtoto. Au amfikirie manseba anayempeleka mwanamke mwenye uchungu hospitali ya Sendwe. Mwanamke yule hana nusu saa ya kungoja bobini ipoe.

Kwa hiyo siku hizi nawaambia wateja wasiniletee ugonjwa huu asubuhi. Waje saa saba, saa nane, moja kwa moja kutoka kazini, injini ikiwa inachoma, na wakae nami. Nalipisha muda wa kuipima hata kama sijabadilisha chochote. Mwanzoni walinung'unika, kwa sababu wamezoea kulipia kitu kinachoshikika mkononi. Nawaonyesha namba kwenye kipimo, nawashikisha kiki, nawaruhusu waingize bapa wenyewe kwenye supapa. Aliyeona kwa macho yake halalamiki.

Pikipiki ya yule mama ilirudi kama nilivyomwomba kijana, baada ya kilomita elfu moja hivi, ili nione kama nafasi inafungwa tena. Ilikuwa imepungua, kidogo lakini imepungua, na hiyo ilikuwa na maana kwamba supapa ile imekwisha kulika usoni na itaendelea kuzama. Nilimwambia mama ukweli, kwamba ataweza kuendelea kwa kupima mara kwa mara, lakini siku moja kichwa kitafunguliwa na supapa ya kutolea moshi kubadilishwa, na aanze kuweka akiba sasa. Aliuliza bei, akauliza kama inaweza kungoja mwisho wa masomo ya watoto. Nikasema inaweza, kijana akija kupima kila baada ya kubadilisha oili. Niliandika kwa wino usiofutika chini ya kiti: tarehe, nafasi ya supapa ya kuingiza, nafasi ya supapa ya kutoa, na kilomita. Naandika hivyo kwenye kila pikipiki ninayoifungua, na nimewaomba mafundi wa Katuba, Kenya na Kampemba waandike vilevile, ili anayeifungua baada yetu ajue supapa imezama kiasi gani tangu mara ya mwisho.